Kopo Hili Lilikuwa na Nini?

Kuna sifa moja ambayo watu wa huku kwetu tumeizoea, na kwa muda mrefu imekuwa ikinisumbua. Mgeni anafika, anamkuta fundi kivulini akigeuza kopo la maziwa kuwa chombo cha kazi, anapiga picha, anatikisa kichwa na kusema: watu hawa ni wabunifu sana. Anasema kweli, fundi ni mbunifu. Lakini sifa ikishatolewa na gari la mgeni likishaondoka, mikononi mwa fundi hubaki lile lile kopo. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki kumwambia mtu asiye na pesa kwamba vitu chakavu vinamtosha? Na kama ni haki, vinamtosha kwa kazi ipi, na nani mwenye mamlaka ya kulisema hilo?

Nitalipitia swali hili kwa zana za nyuki, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndizo ninazozijua. Nimekulia Mshangano, kata ya Manispaa ya Songea iliyo kando ya barabara ya kwenda Njombe, mahali ambapo mji unaishia na mashamba ya mahindi yanaanzia, na mjomba wangu alikuwa na mizinga kwenye miombo. Ya pili, kazi ya nyuki haina huruma kwa maneno matupu. Chombo kikiwa kibaya, jibu linakuja siku hiyohiyo, tena kwa mwiba.

Chukua bomba la moshi. Ni kopo la kuwekea moto, lenye kimo cha kama sentimita 20, mfuniko wenye umbo la faneli unaoelekeza moshi, na nyuma yake mvukuto: vibao viwili vilivyounganishwa kwa ngozi au mpira, katikati springi ya kuvirudisha. Nyuki akishtuka hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, harufu inayokaribiana na ya ndizi mbivu. Moshi huifunika harufu hiyo. Tena huwafanya nyuki wayakimbilie masega na kujaza asali matumboni, kama watu wanaookoa chakula wakiona dalili ya moto, na nyuki aliyeshiba hana haraka ya kuchoma. Moshi ukiwa wa baridi na wa kiasi, mtu anaufungua mzinga, anachukua sehemu yake, anawaachia wenyewe sehemu yao, anafunga.

Fundi bati wa mtaani kwetu hulitengeneza bomba hilo kwa kopo la maziwa ya unga, mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, springi iliyochomolewa kwenye kochi lililokufa na vibao vya kasha. Siku moja nilisimama nikimwangalia. Viungo vya kopo alivikunja, pindo ndani ya pindo, akavigonga taratibu mpaka vikashikana. Nikamwuliza kwa nini asilehemu, amalize mapema.

“Mwanangu,” akasema, “lehemu inayeyuka. Hiki ni jiko. Ukilehemu, siku ya kwanza unafurahi, siku ya pili mfuniko unakudondokea mguuni huku nyuki wanakuangalia.”

Kisha akaufunga mvukuto kwenye kopo, lakini hakuugandisha. Aliacha upenyo mdogo kati ya tundu la mvukuto na tundu la kopo, hata hewa inapopulizwa iruke hatua ndogo kabla ya kuingia kwenye moto. Nikadhani hajamaliza. Akanieleza kwamba bila upenyo ule moto haupati pumzi pale mkono unapopumzika, na bomba linazimika katikati ya kazi.

Upenyo ule una historia. Katika miaka ya 1870 mfugaji nyuki wa Marekani, Moses Quinby, alitengeneza bomba la moshi lenye mvukuto ambalo ndilo babu wa mabomba yote ya leo. Lilikuwa chombo kizuri chenye kasoro moja: moto ulipenda kuzimika. Mwenzake, T. F. Bingham, ndiye aliyeuachanisha mvukuto na kopo ili hewa ijipitie yenyewe. Fundi wetu hajawahi kuyasikia majina hayo. Alilipata jibu kwa kufungua bomba bovu la dukani, kuliunda upya, na kurudishiwa lile lililozimika mpaka akaelewa.

Hapo ndipo sifa ya mgeni inapoanza kunikera. Kumwita fundi huyu mbunifu, ukaishia hapo, ni kumwona kama mtu aliyebahatisha kwa kuwa hana kitu. Yeye hakubahatisha. Anajua lehemu inayeyuka kwa joto gani la kazi, anajua hewa inapita wapi, anajua mpira upi utapasuka kwa jua la mwezi wa kumi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kopo lake ni chakavu, kazi yake si chakavu. Hivyo ni vitu viwili, na nadhani nusu ya ubishi wetu kuhusu zana za maskini hutokana na kuvichanganya.

Kuna nusu ya pili, nayo ni ngumu zaidi. Hata kama kazi ni nzuri, kwa nini awe yeye tu anayeundiwa kwa kopo? Mfugaji nyuki wa Ulaya hutengeneza bomba la kopo akipenda, siku ya mapumziko, na likimchosha ananunua. Wa Mshangano halitengenezi kwa kupenda. Je, anayetuandikia kijitabu cha kutufundisha kutumia makopo hatuambii, kwa adabu, kwamba dunia imegawanywa na sehemu yetu ni makopo?

Swali hilo limeulizwa katika nchi hii kabla yangu, na huku Songea liliulizwa kwa vitendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana walianzisha kijiji cha Litowa, na kutoka hapo kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, muungano wa vijiji vilivyolima pamoja, vikasomesha watoto kwa mtaala unaofanana na maisha yao, na kuamua mambo yao kwenye mikutano yao. Mwalimu Nyerere alipendezwa navyo. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, neno kujitegemea likawa la taifa zima. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, chama kile cha Ruvuma kikavunjwa kwa uamuzi wa chama tawala. Kisha vijiji vya ujamaa vikaendelea kuanzishwa nchini, na mwishowe watu wengi wakahamishwa kwa amri.

Simalizi ubishi wa wanahistoria kwa aya moja. Ninachochukua ni kidogo: kujitegemea kulikochaguliwa na kujitegemea kulikoamriwa hutumia neno lile lile, jembe lile lile, hata wimbo ule ule, na bado ni vitu tofauti. Tofauti iko kwenye nani anayeweza kusema hapana. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na mwaka huohuo mwanauchumi E. F. Schumacher akachapisha Uingereza kitabu chake, Small Is Beautiful, akitetea teknolojia ndogo ambayo mtumiaji anaimudu na kuikarabati. Mawazo hayo mawili yalikutana njiani, na naamini yalikuwa mazuri. Lakini teknolojia ndogo ni uhuru kwa mtu ambaye mlango wa teknolojia kubwa uko wazi kwake, akaamua kutoingia. Kwa mtu aliyefungiwa mlango, ni faraja tu. Faraja nayo ina thamani yake, mradi isiitwe uhuru.

Kwa hiyo ningeweza kusema, kama wasemavyo baadhi ya rafiki zangu wa mjini: basi tuyakatae makopo. Tudai zana kamili kwa kila mtu au tusifanye. Msimamo huo una heshima. Tatizo lake ni kwamba hauishi msituni.

Msituni, mbadala wa bomba la kopo si bomba la dukani. Mbadala ni mwenge. Mrina asali hufunga nyasi kavu au magome, huwasha, hupanda mti usiku, na cheche humwangukia nyuki, mtoto wa nyuki, sega na nyasi za chini kwa pamoja. Kundi zima linaweza kufa kwa ajili ya ndoo moja ya asali yenye ladha ya jivu. Mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zikiwa kavu kama karatasi, mwenge mmoja ulioachwa chini ya mti unaweza kuunguza mlima. Nimewahi kuiona miteremko ya Matogoro ikiwaka usiku kama mji wa pili. Sisemi kila moto ule uliwashwa na mrina asali; wakulima na wawindaji nao huchoma. Lakini kila mtu wa huku anajua kwamba mwenge wa asali umo katika orodha. Na katika milima hiyo ndimo Mto Ruvuma unamoanzia, ule ule unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji.

Wala mila nayo si safi kwa kuwa ni mila. Mzinga wa gome ni mzuri kuutazama, na kuutengeneza hakugharimu hata shilingi. Unavuliwa kwenye shina la mti mzima kama soksi inavyovuliwa mguuni, na mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Nyuki wanapewa nyumba kwa kuuawa kwa mti uliowalisha. Mtu anayetaka zana za chakavu zisiwepo inabidi aniambie gome litaachwa lini, na kwa kitu gani.

Basi siyakatai makopo. Lakini siyakubali yote, na kazi ya fikra, kwa maoni yangu, ni kuchora mpaka. Nimeyaona maswali matatu yakisaidia.

La kwanza ni la kipimo. Mzinga wa viunzi vya juu, ule wenye kuta za mwinamo ulioendelezwa Kenya katika miaka ya 1970 na kuenea Afrika Mashariki yote, unaweza kutengenezwa kwa mbao za mabaki, hata za jeneza lililokosewa kipimo, kama mjomba alivyopenda kutania. Lakini kiunzi chake kina upana wa milimita 32, kwa sababu nyuki wetu hujenga masega yao kwa nafasi hiyo. Ukikipunguza au kukizidisha kwa uvivu wa jicho, sega litavuka kutoka kiunzi hiki kwenda kile, na siku ya kufungua utararua watoto na asali kwa pamoja. Nyuki hawaulizi mbao ilitoka wapi. Wanauliza nafasi. Na kipimo hakiuzwi dukani: rula ya mwanafunzi inatosha. Anayetoa kisingizio cha umaskini kwa kiunzi kilichopinda anautukana umaskini.

La pili ni swali la historia ya kitu, na hili nilijifunza kwa fundi bati. Kila mtoto anayemletea kopo au dumu humwuliza kwanza: “Hili lilikuwa na nini?” Mtoto akijibu maziwa, analipokea. Akijibu rangi, anaweka kando, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi na zikipata moto hutoa moshi wa sumu. Akijibu hajui, hapokei. Nilidhani ni ukaidi wa uzee mpaka nilipohesabu vitu ambavyo makopo na madumu ya mtaani kwetu huwa yamebeba. Huku ni nchi ya mahindi, na mahindi yana viuatilifu vyake shambani na ghalani. Dumu la plastiki likiisha dawa, linaonekana zima kuliko dumu lolote la maji. Kanuni za kimataifa zilizosimamiwa na FAO na Shirika la Afya Duniani zinakataza chombo cha kiuatilifu kutumika tena: kisuuzwe mara tatu, kitobolewe, kirudishwe. Neno kitobolewe linaonyesha kwamba waliolitunga waliijua dunia. Walijua kwamba dumu zima, mahali ambapo dumu ni mali, halitatupwa kamwe. Lazima liharibiwe makusudi ili lisimdanganye mtu.

Historia ya kitu si sumu tu. Kijana mmoja aliwahi kuleta kipande kizuri cha bati jepesi, lisiloshika kutu, la kuezekea mzinga. Kwenye ukingo kilikuwa na mabaki ya rangi nyekundu. Fundi alikigeuza, akakirudisha, akasema, “Kakirudishe ulikokitoa, mwanangu. Hiki kinaonyesha kona.” Kilikuwa kimetoka kwenye alama ya barabarani. Aliyesafiri kwa basi kutoka Songea kwenda Makambako anazijua kona za Lukumburu, na anajua dereva wa usiku anategemea nini pale. Mvua isingeingia kwenye mzinga ule. Lakini paa lake lingekuwa limeezekwa kwa uhai wa abiria asiyejulikana. Neno chakavu lina hila hiyo: linafanya kitu kionekane hakina mwenyewe. Mara nyingi kina mwenyewe, na mwenyewe ni sisi sote.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: chombo kikifeli, nani anaumia?

Bomba la moshi likifeli, linazimika. Mwenye nyuki anarudi nyumbani amevimba, anatukana, kesho yake anakwenda kwa fundi. Patasi ya mzinga iliyofuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya gari ikipinda, inanyooshwa. Na kwa kweli haipindi, maana chuma cha springi ni kizuri kuliko cha patasi nyingi za dukani. Hasara ni ya mtumiaji, anaiona, na dawa yake iko umbali wa kutembea kwa mguu. Hapa chakavu si fedheha hata kidogo. Ningeenda mbali zaidi: hapa chakavu ni bora. Nimeona kikundi kilichopewa mizinga mizuri ya fremu kutoka kwa mfadhili. Mizinga ile ilihitaji nta iliyochapwa na mashine ya kukamulia, na hivyo havikuja nayo. Baada ya misimu michache mmoja wao ulikuwa na kuku ndani, ametulia juu ya mayai yake. Zawadi usiyoweza kuikarabati si mali yako bado. Uko nayo kwa mkopo kutoka kwa mtu ambaye hutamwona tena.

Kofia ya wavu ni habari nyingine. Wengi hutumia chandarua, nami naelewa kwa nini, kwani ndicho wavu ulio karibu. Lakini chandarua kilichogawiwa kwa kampeni za malaria kimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, binamu wa kiwandani wa pareto inayolimwa nyanda zetu za juu, na dawa hiyo haimjui mbu na nyuki kwa majina. Inaua wadudu. Mtu anauingiza uso wake kwenye mzinga akiwa amevaa kitu kilichotengenezwa kuwaua aliowafuata. Na kabla hatujafika kwenye nyuki, chandarua kile kilikuwa juu ya kitanda cha nani? Mkoa wetu una malaria. Wavu ukihama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzinga, asali ile imelipiwa kwa homa, na aliyelipa hakuulizwa.

Mtu ataniambia kwamba uso ni wake, akitaka kuchomwa shauri yake. Sikubali. Nyuki wetu ni wakali, na wapo watu ambao miili yao haivumilii hata mwiba mmoja. Mtu hana mwili wa peke yake: una mke, una watoto, una deni la ada. Kwa hiyo kofia naiweka upande mgumu wa mpaka. Ishonwe kwa gunia la sandarusi, sawa. Ukingo wake uwe wa kapu lililochakaa, sawa. Lakini wavu wa mbele uwe mzima, usio na dawa, na uwe mweusi, kwa kuwa mweupe humrudishia mtu mwanga machoni asione anachoshika. Kipande hicho kimoja kinunuliwe.

Halafu kuna ndoo ya asali. Asali huonekana kama kitu kisichodhurika, maana haiozi. Lakini ina tindikali. pH yake ni karibu na 3.9. Ikikaa kwenye debe la chuma inakula kutu. Ikikaa kwenye bati lililopakwa zinki inaiyeyusha zinki na kuibeba. Hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakizidi asilimia 20, kiwango cha juu kinachokubaliwa na viwango vya kimataifa vya chakula, inaweza kuchacha. Hunyonya harufu pia. Asali iliyolala kwenye dumu la mafuta ya taa itasimulia habari za mafuta ya taa mpaka mwisho. Na anayeila hayupo pale ulipoitia kwenye dumu. Yuko Dar es Salaam, au ni mama wa Songea aliyenunua chupa kwa ajili ya kikohozi cha mtoto. Hakukuuliza kopo lilikuwa na nini, kwa kuwa alikuamini.

Hapo ndipo mpaka wangu unapopita. Ninaweza kuwa maskini kwa hasara yangu. Siwezi kuwa maskini kwa hasara ya mtu asiyejua. Kopo la moshi ni langu; ndoo ya asali ni ya mlaji. Umaskini unanipa haki ya kutumia kitu pungufu pale ninapoubeba upungufu mwenyewe kwa macho wazi. Haunipi haki ya kumkabidhi mwingine upungufu huo ndani ya chupa nzuri.

Najua pingamizi lililopo, na ni kali. Nilimwambia haya mjomba siku moja tukiwa tumekaa nje, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Umesema vizuri. Sasa niambie, ndoo ya chakula nainunua kwa pesa ya asali ipi? Anayenunua asali yangu ananipa bei ile ile, iwe kwenye ndoo safi au kwenye debe.”

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama lipo. Maadili yanayomdai maskini usafi ambao soko halimlipi ni maadili ya upande mmoja. Mnunuzi anayekuja na gari, akachanganya asali ya mjomba na ya watu wengine kumi kwenye pipa moja, naye ana swali la kujibu: pipa hili lilikuwa na nini? Tuna Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki tangu 1998, tuna Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, tuna chuo cha fani hiyo Tabora, na tuliwahi kuwa na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliyehubiri mizinga kila alipokwenda. Hatukosi maneno. Kinachokosekana ni kugawana mzigo kwa busara.

Nadhani mpaka ule ule unaomwongoza mfugaji unaweza kumwongoza anayetaka kumsaidia. Mwenye pesa, awe Serikali, mfadhili au mnunuzi, asitumie pesa yake kwa vitu ambavyo fundi bati anaviweza. Bomba, patasi, mizinga ya mbao, hata sanduku la kuyeyushia nta kwa jua, lenye kioo cha dirisha la zamani juu na bati jeusi chini, vyote hivyo vina mafundi wake hapa, na kila kinacholetwa bure kutoka mbali kinamnyang'anya mtu wa hapa kazi na maarifa. Pesa hiyo iende kwa vile ambavyo chakavu hakiwezi kuwa: ndoo za chakula, nyavu za uso, glovu nzima, kipimo cha unyevu wa asali, na bei inayotofautisha safi na chafu. Nunueni ndoo, mizinga tuachieni.

Mwaka jana kikundi cha vijana wa mtaani kwetu kilikusanya michango yake na kukaa kuamua kinunue nini kwanza. Wengi walitaka bomba la dukani, lile linalong'aa, maana lingewafanya waonekane wafugaji wa kweli kwenye picha. Dada mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasema bomba wanalo tayari, la fundi, na linatoa moshi. Akapendekeza ndoo nyeupe zenye mfuniko, na wavu mweusi wa kofia tatu. Wakabishana karibu saa nzima. Walizungumzia pesa, lakini nilivyowasikia walikuwa wakibishana kuhusu heshima: je, inakaa kwenye kile watu wanachokuona umekishika, au kwenye kile unachomkabidhi mtu akaondoka nacho? Walipopiga kura, ndoo zilishinda kwa kura mbili.